Jinsi Nilivyozimudu Istilahi za Somo la Biashara Bila Kukariri Orodha

Mwanafunzi wa kidato cha nne akilalamika kwamba somo la Biashara lina istilahi nyingi mno, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kutafuta orodha ya maana zake na kuikariri. Mimi nilishauriwa hivyo na mwalimu wa masomo ya ziada niliyemheshimu sana, nikanunua kijitabu cha kurasa za fotokopi kwa shilingi mia mbili na kitu, nikakikariri mwanzo hadi mwisho. Ushauri ule ulikuwa mbaya, na ninaandika haya ili mwengine asiupoteze muhula wake kwa njia ile ile.

Maana nyingi katika kijitabu kile zilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa mpangilio wake. Istilahi zilifuata alfabeti, kwa hivyo dhima, yaani madeni ambayo biashara inapaswa kuyalipa, ziliwekwa mbali na mali, na bima ikaachana na hatari inayokatiwa bima hiyo. Niliweza kutamka kwa ufasaha kwamba mizania ni taarifa inayoonyesha hali ya kifedha ya biashara katika tarehe fulani, lakini nilipopewa swali linalosema kuwa mwenye duka amemlipa mdai wake kwa hundi, nikatakiwa kueleza mizania imebadilika wapi, sentensi niliyoikariri haikunipa jibu. Mtihani wa KCSE, ule wa kitaifa wa kumaliza kidato cha nne nchini Kenya, hupenda kuuliza tofauti baina ya istilahi mbili, au athari ya shughuli fulani, na orodha haifundishi lolote katika hayo mawili.

Kilichoniokoa ni duka la ami yangu la leso katika mtaa wa Biashara mjini Mombasa, ambako nilikuwa nikimsaidia siku za Jumamosi na wakati wa likizo. Nilianza kuandika katika daftari langu, upande wa kushoto, jambo lililotendeka dukani, na upande wa kulia istilahi yake pamoja na mwenzake wa kulinganishwa naye. Sikuruhusu istilahi yoyote iingie peke yake. Mdai, yaani yule anayeidai biashara, aliingia pamoja na mdaiwa, ambaye biashara ndiyo inayomdai. Faida ghafi, inayopatikana baada ya kuondoa gharama ya bidhaa zilizouzwa katika mauzo, iliingia pamoja na faida halisi, ambayo hubaki baada ya kodi ya pango, umeme, mshahara wa msaidizi na gharama nyinginezo za kuendesha duka. Ami alipomlipa mdai wake kwa hundi niliona kwa macho yangu kwamba pesa za benki zilipungua na deni likapungua kwa kiasi kile kile, na mtaji haukuguswa.

Istilahi zilizonifurahisha kuliko zote ni zile mbili za asilimia ya faida, ambazo wanafunzi wengi huzichanganya. Tuseme jozi ya leso imemgharimu ami shilingi 400 naye akaiuza shilingi 500. Faida ni shilingi 100 tu, lakini ukiigawa kwa gharama ni asilimia 25, na ukiigawa kwa mauzo ni asilimia 20. Nilikaa na karatasi nyuma ya kaunta nikijaribu bei mbalimbali hadi nikauona utaratibu wake: ukiwa na faida ya gharama kama sehemu, jumlisha namba ya juu na ya chini, kisha uifanye jumla hiyo kuwa namba mpya ya chini, nawe utapata faida ya mauzo. Robo ya gharama huwa moja ya tano ya mauzo. Mbili ya tano huwa mbili ya saba. Sababu yake ni kwamba bei ya kuuzia ni gharama pamoja na faida. Mwanafunzi anayeielewa sababu hiyo hahitaji kukariri kanuni.

Msimu wa Idi ulinifundisha jambo ambalo kijitabu kilikuwa kimelipitia kwa mstari mmoja. Uhitaji si kutaka tu, bali ni kutaka kunakoambatana na uwezo na utayari wa kununua kwa bei fulani katika kipindi fulani. Idi ilipokaribia, bei ya leso ilikuwa ile ile, lakini wanunuzi walijaa hadi mlangoni; hilo ni badiliko la uhitaji, kwa kuwa kilichobadilika ni jambo jengine lisilo bei ya leso yenyewe, na mkunjo mzima wa uhitaji, yaani mstari wa grafu unaoonyesha kiasi kinachohitajika kwa kila bei, husogea kulia. Baada ya sikukuu ami aliamua kupunguza bei ya leso zilizobaki, na wateja wakaongezeka kidogo; hilo ni badiliko la kiasi kinachohitajika, nalo huonyeshwa kwa kuteremka kwenye mkunjo ule ule. Nilimweleza ami tofauti hiyo, naye akaniambia, "Mwanangu, hayo nimeyafanya miaka yote, sikujua kama yana jina."

Vitabu vya hesabu vya ami viliniwezesha kuelewa mengine pia. Alipochukua jozi kadhaa za leso dukani kwa ajili ya harusi ya binti yake, nilijua kwamba si pesa pekee ambazo mwenye biashara hujichukulia; leso zile ziliandikwa kwa bei ya kununulia, zikapunguzwa katika manunuzi na katika mtaji. Katika ankara ya bidhaa zilizotoka India niliona kwamba bei ya FOB inaishia pale shehena inapopakiwa melini, ilhali ile ya CIF inajumlisha bima na nauli hadi bandari ya Kilindini, na ushuru wa forodha hukokotolewa kwa thamani ya CIF.

Dhima yenye kikomo, yaani mwenye biashara kutodaiwa zaidi ya mtaji aliouweka, ndiyo niliyokosa mfano wake dukani, maana ami ni mfanyabiashara wa pekee, na duka likishindwa kulipa madeni, wadai wanaweza kuifuata hata nyumba yake. Ikanibidi niisome katika sheria, na hapo ndipo nilipokasirika zaidi na kijitabu kile, kwa sababu kilisema kampuni binafsi nchini Kenya lazima iwe na wanachama wasiopungua wawili. Hiyo ilikuwa sheria ya zamani. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inamruhusu hata mtu mmoja kuanzisha kampuni binafsi, na kikomo chake ni wanachama 50 bila kuhesabu wafanyakazi. Kijitabu hicho kingali kinauzwa, kwa hivyo aliyekinunua na akalisahihishe jambo hilo leo, kabla hajaliandika katika karatasi ya mtihani.