Chumba cha vyura

Kwenye kongamano la TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania, hapa Arusha wengi walifuata mada za tembo na simba. Mimi nilikwenda chumba cha vyura. Dada mmoja mtafiti alieleza habari za chura wa Kihansi, anayeishi kwenye korongo la mto Kihansi hapa Tanzania, hata sentimita 3 hafiki, tena hatagi mayai, anazaa. Bwawa la umeme lilipochepusha maji ya mto huo mwaka 2000, manyunyu ya maporomoko alimoishi yakakatika, na mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Waliookolewa walilelewa Marekani, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, ndipo wakaanza kurudishwa kwao, ambako sasa manyunyu hutoka kwenye mabomba. Mabomba! Wahandisi wa mabwawa walipaswa kumsikia yule dada. Mada kama hii iwekwe ukumbi mkubwa, asubuhi, mawaziri wakiwa bado wamekaa.