Nilivyoisoma sarafu isiyo na jina la mtawala

Niliipata kwenye mnada mdogo hapa Stockholm, ndani ya bahasha iliyoandikwa "Uswidi, karne ya 15", basi. Sarafu yenyewe nyembamba kama gamba la samaki. Kwamba ni örtug nilijua: sarafu ya fedha iliyohesabiwa kwa penningar 8 (visarafu vidogo), na örtug 24 zikawa marki moja, kipimo kikubwa cha hesabu. Lakini ya nani? Hapo nilikwama wiki tatu.

Kosa langu lilikuwa kumtafuta mfalme aliyekaa kwenye kiti cha enzi cha Uswidi. Nilimjaribu Karl Knutsson, aliyekuwa mfalme mara tatu na kufukuzwa mara mbili kabla ya kufa 1470. Nikamjaribu Christian I wa Denmark, aliyempokonya ufalme naye akapokonywa. Herufi zilizozunguka ukingo, nilizozisoma CRICVS, zikanikatalia wote wawili.

Jioni moja nikazima taa, nikalaza simu mezani, tochi ikaimulika sarafu kutoka ubavuni. Vivuli vikajitokeza. Nikapiga picha, nikaizungusha kidogo, nikapiga tena, hadi nikamaliza duara zima. (Kuisugua sikuthubutu, fedha kuukuu ukiisugua umeiua.) Kumbe niliyoiita C ni E! Wachongaji wa zama zile waliikunja E kama mwezi mchanga. Ule mstari wa katikati ukilika, inabaki C tupu. CRICVS yangu ikawa ERICVS, yaani Erik kwa Kilatini.

Haraka haraka nikamdaka mfalme Erik wa Pomerania, aliyeng'olewa 1439. Nilifurahi mapema mno, maana mbele ya jina kulikuwa na S imesimama peke yake. Sanctus, yaani mtakatifu. Huyu ni Mtakatifu Erik, mfalme aliyeuawa Uppsala yapata 1160. Kile kichwa chenye taji katikati ya sarafu ni cha mtu aliyekwisha kuzikwa miaka mia tatu!

Hapo ndipo fundo lilipofunguka. Sten Sture alichaguliwa 1470 awe msimamizi wa ufalme wa Uswidi, si mfalme. Mwaka uliofuata alilishinda jeshi la Christian I pale Brunkeberg, hapa Stockholm, na bado taji hakuvaa. Fedha ilihitaji kichwa chenye taji, na marehemu mtakatifu hakuna wa kumpindua. Mjanja yule. Wasimamizi waliomfuata, Svante Nilsson mmojawapo, waliendelea na Erik yuleyule.

Upande wa pili nilisoma MONETA STOC ("sarafu ya Stockholm", jina likiwa limekatika), kisha mkwaruzo. Bahasha ya zamani nimeitupa. Kwenye mpya nimeandika kwa penseli: "Stockholm, zama za akina Sture."