Siku moja kwenye MRI: mama aliyeng'olewa meno bila sababu

Saa 1 asubuhi. Nimefika, chai bado, mimi ndo napiga picha kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Naanza na mashine kwanza, joto la chumba, heliamu ya kupozea sumaku, picha ya majaribio. Sumaku haizimwi usiku jamani, watu hawaaminigi, ndo maana hata mfagiaji haingii na ndoo ya chuma.

Saa 2 mpaka saa 4. Migongo na magoti. Sina la kusimulia.

Saa 4 na robo. Anaingia mama mtu mzima, anaongea mdomo nusu. Fomu imeandikwa "maumivu ya kichwa, MRI ubongo", basi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Panauma wapi? Ananionyesha taya la kulia mpaka pembeni ya pua na kidole hakigusi ngozi kabisa, anasema inapiga kama shoti ya umeme sekunde chache inaachia, akipiga mswaki inapiga, upepo wa feni nao inapiga, meno mawili kashang'olewa na bado iko palepale. Eeh, hii ni neva ya tano hii, trijemino, ile ya hisia za uso! Sasa ubongo wa kawaida tunakata slaisi za milimita 5 hivi, kaneva kenyewe unene ni milimita chache tu, utakaonea wapi? Nikampigia radiolojisti, daktari anayesoma picha, akasema ongeza CISS, aina ya picha yenye slaisi chini ya milimita 1, na TOF, picha ya mishipa ya damu.

Saa 4:40. Pini za mtandio nje, hereni nje, vizibo vya masikio. Sponji za kushikilia kichwa nimeweka juu karibu na paji, shavuni hapana, na feni ya ndani ya mashine nikaizima maana akishtuka tu picha zote zimekwenda.

Saa 5. Kwenye CISS maji ya ubongo yanakuwa meupe pee, neva na mishipa nyeusi. Kushoto neva imenyooka vizuri, kulia kuna mshipa wa damu umeilalia mpaka imebonyea pale inapotokea kwenye shina la ubongo, na kwenye TOF huo mshipa unang'aa, yaani ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo. "Umeona nini mwanangu?" Daktari atakwambia mama.

Saa 8. Wali maharage. Radiolojisti kanipigia, anaumwa upande gani? Swali la maana hilo, wapo watu kibao mshipa unagusa neva na hawaumwi kitu, picha peke yake haitoshi.

Saa 9 na nusu. Ripoti imetoka, anapelekwa kliniki ya mishipa ya fahamu, huko kwa kawaida wanaanza na kabamazepini, dawa ya kutuliza neva, ikigoma ndo wanafikiria upasuaji wa kuweka kipande cha tefloni kati ya ateri na neva.

Saa 10. Natoka. Madokta mnaojaza fomu, andikeni uso, andikeni upande, na kama kuna meno yaling'olewa andikeni pia.