Fuata pesa, utamwelewa Pandita Ramabai

Habari za Pandita Ramabai, msomi wa Kihindu kutoka India aliyegeuka Mkristo na kutetea elimu ya wanawake, mara nyingi huanzia kwenye ubatizo wake. Ukitaka kuzielewa safari zake, anza na nauli.

Mwaka 1882 alifiwa na mumewe, akabaki na binti mchanga, Manorama. Aliandika kitabu cha Kimarathi kuhusu maadili ya wanawake, na mauzo yake yakasaidia kulipia meli ya Uingereza mwaka 1883. Alikusudia kusomea udaktari, lakini masikio yake mabovu yakamzuia. Akapokelewa na masista wa Kianglikana wa Wantage, akabatizwa huko Septemba 29, baadaye akaenda kusoma na kufundisha Cheltenham Ladies' College.

Sasa alikuwa anakula kwa watu, na mwenye chakula hataki kunyamaza. Maaskofu waliotakwa ushauri hawakuridhia afundishe wanaume. Mtu aliyekuwa akihutubia mikutano ya wanaume kwao India! Akawajibu kwa barua, hoja kwa hoja. Nyama pia hakuigusa, na hilo nalo likaonekana ni mabaki ya ubaguzi wa tabaka.

Mwaka 1886 alialikwa Philadelphia kumshuhudia Anandibai Joshi, jamaa yake, akihitimu udaktari. Ziara ikageuka kuwa miaka zaidi ya miwili ya mihadhara. Mwaka 1887 akatoa kitabu cha Kiingereza kuhusu wanawake wa Kihindu wa tabaka la juu, na Desemba chama cha kumchangia fedha za shule ya wajane India kikaundwa Boston. Hapa ndipo alipokuwa hodari: matawi yalikusanya ahadi za dola moja kwa mwaka, kwa miaka 10. Mchango wa mara moja hununua vitanda; wajane wanakula kila siku. Sharti lilikuwa moja: shule isihubiri dini.

Alirudi kupitia San Francisco, Japani na Hong Kong, na Machi 11, 1889 akafungua shule hiyo, Sharada Sadan, mjini Bombay (sasa Mumbai), iliyohamia Pune mwaka uliofuata.

Sharti lile ndilo lililoleta kasheshe. Ramabai alisali bila kufunga mlango, na wasichana waliotaka wakaingia. Kwake hayo hayakuwa mahubiri. Wanamageuzi wa Kihindu waliokuwa washauri wa shule hawakukubali: mwaka 1893 walijiuzulu, wazazi wengi wakawaondoa mabinti. Boston hawakukata msaada. Ahadi ya miaka 10 ilipokwisha, mwaka 1898, Ramabai alikwenda tena Marekani, na chama kipya kikaundwa.