Nilivyorudisha Windows 7 bila diski zake, kwa leseni yangu mwenyewe

Diski za Windows 7 zilizokuja na kompyuta yangu zilipotea, na karibu kila niliyemuuliza jinsi ya kuisakinisha upya alinipa jibu moja kati ya mawili: nunua Windows mpya, au weka kraki (programu ya kukwepa leseni) maisha yaendelee. Yote mawili yaliniudhi. Kompyuta ile ililipiwa pamoja na leseni yake, na diski zikipotea leseni haifutiki. Haki yako iko kwenye ile namba ya herufi 25 iliyobandikwa kwenye stika chini ya mashine. Diski hubeba programu tu, hata ya kuazima inafaa.

Windows 7 naing'ang'ania kwa sababu skana yangu ya negativi za picha haina draiva (programu ya kuiendesha) ya matoleo mapya. Diski ngumu ilipoanza kusuasua, fundi aliniambia nisihangaike na stika, akaisoma namba kwa programu inayoichomoa kutoka kwenye Windows iliyomo ndani. Ilitoka safi kabisa. Nikafunga diski ngumu mpya, nikaingiza namba ile, ikapokelewa, lakini kuamilisha, yaani Microsoft kuikubali leseni, ikagoma. Na isingeweza kukubali! Watengenezaji walikuwa wakitumia namba moja ya kiwandani kwenye kompyuta chungu nzima, nayo ndiyo programu ile iliyoisoma; hufanya kazi ikiwa pamoja na cheti, faili la uthibitisho lililowekwa kiwandani. Namba yako wewe ni ya kwenye stika. Mafundi wangelisema hili mapema, watu wengi wangepumua.

Sasa stika yenyewe ilikuwa imefifia, nusu ya herufi zimebaki vivuli. Hapa ndipo ninapojivunia. Nilizima taa, nikalaza tochi ya simu ubavuni mwa stika, nikapiga picha, kisha nikaigeuza rangi, nyeusi iwe nyeupe, na kukaza tofauti ya mwanga na giza. Vivuli vikaanza kusomeka. Kilichonisaidia zaidi ni kujua kwamba namba za Windows 7 hutumia alama 24 tu: BCDFGHJKMPQRTVWXY na 2346789. Hakuna irabu hata moja, hakuna L, N, S wala Z, hakuna 0, 1 wala 5. Kwa hiyo kile nilichokiona kama O lazima kiwe Q au D, na kama S basi ni 8. Ubishi ukabaki kwenye B na 8, na G na 6. Kubahatisha hakuna gharama: dirisha la kubadili namba hukataa namba mbovu papo hapo, hata bila intaneti. Nikabadilisha moja moja mpaka ikakubali.

Diski niliyoazima ya kusakinishia ilikuwa ya toleo la Professional, leseni yangu ni ya toleo la Home Premium. Usiirudishe kwa mwenyewe kwa sababu hiyo. Nilinakili vyote kwenye flashi, nikaingia folda ya sources, nikafuta faili linaloitwa ei.cfg, ambalo ndilo huifunga diski kwa toleo moja. Matoleo yote yakajipanga kwenye menyu, nikachagua langu. Namba unaweza kuiruka wakati wa kusakinisha. Unapewa siku 30 kabla ya kulazimika kuamilisha.

Kompyuta hii siiunganishi na intaneti, maana Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Wakati ule nikaamilisha kwa simu: niliandika amri slui 4 kwenye kompyuta, nikaisomea mashine ya kupokea simu ya Microsoft makundi 9 ya tarakimu sita sita yaliyotokea kwenye skrini, nayo ikanirudishia makundi 8. Niliyaandika kwa kalamu na kuyarudia kwa sauti. Neno la kuthibitisha lilipotokea nilipiga kofi mezani kwa furaha.

Mwenye kompyuta iliyokuja na Windows 8 au ya baadaye asisumbuke kutafuta stika yenye namba: kwa kawaida namba imehifadhiwa ndani ya ubao mama (bodi kuu ya kompyuta), na kisakinishi huisoma chenyewe. Kwa Windows 10 au 11, flashi ya GB 8 na programu ya Microsoft ya kuandaa flashi, inayotolewa bure, vinatosha. Wa Windows 7, pigeni picha stika zenu leo, kabla joto na msuguano havijazimaliza.