Siku moja juu ya ngazi, Lubumbashi

Saa 12 asubuhi. Juni baridi ya Lubumbashi inauma. Kazi yangu ni kuzuia ndege wasitue wala kulala kwenye majengo. Nanywa chai nikiwa na koti, kisha nashika basi kutoka Katuba kwenda mjini. Mfukoni nina koleo, gundi ya silikoni na barakoa. Ngazi ililala kwa sentineli, mlinzi wa jengo.

Saa 1 na nusu. Jengo la zamani la matofali, chini depo ya unga. Mwenyewe ananipokea: "Fundi, weka miiba kila mahali, njiwa wamenichosha!" Wateja wote huomba miiba, yaani safu za vijiti vyenye ncha zinazobandikwa kingoni ndege wasitue. Mimi kwanza nasimama barabarani nione njiwa wanatua wapi na wanalala wapi. Penye kinyesi kinene ndipo penye malazi.

Saa 3. Kusafisha. Kinyesi kikavu hakifagiwi hivihivi, vumbi lake hubeba ukungu unaodhuru mapafu. Nakilowesha, nakikwangua, nakitia guniani. Gundi haishiki juu ya uchafu, na wanaoruka hatua hii miiba yao huanguka. Chini ya rundo, bati limeshaanza kulika.

Saa 5. Kingo za madirisha ni pana, basi miiba safu mbili. Ukiacha upana wa kiganja nyuma, njiwa anaketi hapohapo. Ncha ni butu, hazimchomi, zinamnyima tu pa kukanyaga. Shomoro ndio hawazijali, wanasokota majani katikati na kujenga. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walieleza kiota cha kunguru wa Rotterdam kilichojengwa kwa miiba hiyohiyo ya kufukuzia ndege. Nilicheka peke yangu. Anayejenga nyumba mpya namshauri asakafie kingo kwa mteremko wa nyuzi 45: njiwa atateleza, na mimi sitaitwa.

Saa 7. Chakula cha mchana: bukari (ugali) na lengalenga (mchicha).

Saa 8. Upenuni ni kazi ya wavu. Wa njiwa una matundu ya milimita 50, wa shomoro 19. Mwenyewe alitaka ule wa matundu makubwa kwa kuwa ni rahisi, nikamwonyesha shomoro wakipenya chini ya bati. Akanyamaza.

Kabla ya kufunga namulika tochi ndani. Makinda mawili ya njiwa, bado yana manyoya laini ya njano. Mwenyewe anasema niyatupe. Nakataa, yataruka baada ya wiki nne hadi sita tangu kuanguliwa, kona hiyo itangoja.

Saa 10 na nusu. Ananilipa, akikata pesa ya kona ile mpaka nirudi kuifunga. Sawa, nimeandika tarehe.