Kibaraza cha Juu ya Paa

Nyumba yetu ya Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, imebanwa na majirani kila upande. Kaskazi ikivuma, upepo anaujua mwenye kupanda paani. Sisi wa chini tuna pepeo zetu mkononi. Nyuma kuna kipande cha paa la bapa, pale marehemu bibi alipokuwa akianika nguo. Nikatia nia: nitandaze mbao, niweke uzio mfupi na viti viwili, jioni nipande na buli langu la chai ya tangawizi. Jambo dogo tu, nilidhani. Nikanunua mbao, zikaja kwa mkokoteni mpaka Darajani, kisha hamali akazitia vichochoroni moja moja huku akinilaani kimoyomoyo.

Jirani wa mbele akaniita dirishani. "Mwanangu, kibali unacho?"

Sikuwa nacho. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na huku hata dirisha hulibadilishi kwa hiari yako. Nilijua hayo, ila nilijidanganya kwamba ya paani hayaonekani.

Basi nikaanza. Barua ya Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, niliipata asubuhi moja. Mchoro ulichukua wiki. Kilichonichosha ni saini za warithi, maana nyumba ni ya urithi na tuko watano. Dada yangu wa Muscat, kabla hajasaini, aliuliza nani atalipa. Nikamwambia mimi. Akasaini siku ile ile.

Nilijiandaa kutetea sura ya kibaraza: rangi, urefu wa uzio, kutoonekana njiani. Mkaguzi alipanda, akatazama dakika mbili, akateremka chumba cha chini yake. Akaomba ngazi. Akatoa kisu kidogo, akachoma ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Ya kwanza ngumu, ya pili ngumu, ya tatu kisu kikazama kama kwenye mkate wa boflo.

"Mbao zako sina neno nazo, bibi. Nani atazibeba?"

Nilitaka kumjibu kwamba nyumba hii imesimama tangu enzi za babu wa babu. Nikanyamaza. Beit al-Ajaib, jumba kubwa la masultani hapa mjini, nayo ilisimama tangu 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja ukaanguka mchana kweupe, watu wakafa.

Akanionesha ukuta kwa nje. Kaka yangu aliupiga lipu ya saruji miaka ya nyuma, akasifiwa sana. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hunywa maji ya mvua na kuyatoa zenyewe. Ukizifunga kwa saruji, unyevu unabaki ndani, na ncha ya boriti ndiyo inayoulowea. (Kaka nimemtumia picha. Hajajibu.)

Kibali kimetoka, na masharti yake: boriti mbili zibadilishwe, saruji ibanduliwe irudi chokaa, na mbao zilale juu ya mihimili inayotoka ukuta hadi ukuta, zisiguse paa, ili maji yapite chini yake.

Sasa chumba kinanuka chokaa mbichi na fundi anasema tusubiri ikauke, hana haraka. Mbao zimepangwa ukumbini hapa chini. Jioni nakaa juu yake, na buli langu.